Ukungu wa Baba Mkwe

Mtambo wa ukungu ulipowashwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Lusungu, kule Madale, ulikojoa. Hakuna neno lenye heshima zaidi la kueleza kilichotokea. Nozeli ishirini na nne zilizoning'inia juu ya vitalu zilitakiwa kutoa moshi mwembamba wa maji, kama Lusungu alivyouona kwenye simu yake wiki mbili mfululizo. Badala yake zilidondosha matone mazito, moja moja, kwa uvivu, na kila tone lilipotua juu ya kijiti cha asumini, kijiti kililala chali kwenye mchanga.

"Si ndo inaanza," alisema Rogers, fundi bomba, akitazama juu kwa macho ya mtu asiyehusika. "Ipe muda ipate moto."

"Maji yapate moto?" aliuliza Sekela, mke wa Lusungu.

"Namaanisha presha, sista. Presha ikikaa sawa utafurahi mwenyewe."

Sekela hakufurahi. Vijiti vile vilikuwa mia nane, na alivikata mwenyewe kwenye ua wa jirani yake, Bi Wahiba mwenye duka, akavichomeka kimoja kimoja kwenye vifuko vya mchanga mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kijiti kisichokuwa na mizizi hunywa kwa majani tu. Majani yakikaushwa na jua kwa saa mbili, hakuna cha pole wala samahani, kimekufa. Ndiyo maana alihitaji ukungu, mchana kutwa, na siyo kopo la kumwagilia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja Kokushubila, mama anayepanga bustani za watu wa Msasani, kuvichukua vyote kama vimeota mizizi.

Na kama havikuota? Hilo Lusungu alikuwa amelisema mezani, huku anachambua samaki, kwa sauti ileile anayotumia kazini kwake kwenye bima kumweleza mteja kwa nini hatalipwa. "Mama Anjelina, mimi nimekuvumilia. Vikifa hivi, nailoni inashuka, na pale kwenye kitalu nyumba napandisha fremu tatu za maduka. Watu wote huku wanajenga fremu."

"Fremu za kuuza nini?"

"Hata zikiwa tupu. Fremu ni fremu."

Sekela aliacha kazi ya kuuza vitabu mjini kwa ajili ya kitalu kile. Alipaka rangi nguzo zake mwenyewe, alishona wavu wa kivuli kwa mkono, na alikipenda kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu bila kuonekana mjinga. Alikuwa na wiki nne. Sasa matone yalikuwa yakipiga asumini zake makofi, na fundi anasema mtambo upewe muda.

Kesho yake Rogers alirudi na pampu aliyoiazima kwa shemeji yake anayeosha magari. Lusungu alisimama chini ya bomba na shati la ofisini, simu mkononi, tayari kurekodi ushindi. Rogers akabonyeza swichi. Pampu iliyozoea kung'oa matope kwenye matairi ya malori haikuona sababu ya kubadili tabia. Kiungio cha kona kiliruka kama risasi kikampiga Lusungu kwenye paji la uso, na bomba lililobaki likaanza kucheza juu ya vichwa vyao, likimwogesha kila mtu kwa zamu.

"Zima!" alipiga kelele Lusungu.

"Swichi imelowa, braza, itanirusha!"

Sekela ndiye aliyekimbia kwenda kuzima swichi kuu ya nyumba. Siku ile Lusungu alikwenda ofisini na nundu kubwa ya kutosha kuulizwa jina lake. Aliwaambia wenzake amejigonga mlango wa gari. Kwa kuwa kila mtu pale alijua hana gari, ilibidi aongeze kwamba lilikuwa gari la rafiki.

*

Jioni Lusungu alimpigia simu baba yake huko Tukuyu. Hakupenda. Lakini Mzee Ambakisye alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kitalu cha miche ya chai, na vijiti vya chai navyo hunywa kwa majani. Isitoshe, mzee alikuwa na safari ya kuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Yule wa kushoto alikuwa mkubwa, wa kulia mkubwa zaidi.

"Atakuja wiki moja kabla ya siku yake ya hospitali," alisema Lusungu. "Ataurekebisha."

Sekela aliketi. "Aurekebishe vipi? Kitalu ni changu. Mimi nitakuwa wapi?"

Swali lilikuwa la maana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na Sekela alilelewa na bibi wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani. Akitokea huku, wewe unaingia kule. Pakikosekana kule, unageuza uso ukutani na kujifunika khanga. Siku ya harusi yao mzee alikaa nje ya hema na kula pilau lake nyuma ya gari la kukodi. Kwa miaka sita Sekela alimfahamu kwa kikohozi chake tu na kwa mlio wa fimbo yake.

"Mama Anjelina, hapa ni mjini. Halafu mzee mwenyewe haoni hata kijiko."

"Mwiko haukusema tusionane akiwa na macho mazuri tu."

"Basi mshikane mikono na huyo mwiko, mkaijenge fremu pamoja."

Sekela alikwenda kulala bila kumuaga.

*

Mzee Ambakisye alifikia kwenye chumba cha nje. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na mkali kwa sauti ya chini. Naye alishika mila kama mkewe marehemu alivyoshika rozari. Kila alipotaka kutoka, alikohoa kwanza. Mara moja maana yake nakwenda chooni. Mara mbili, nakwenda kuota jua. Nyumba nzima iliendeshwa kwa kikohozi hicho. Kikisikika, Sekela aliacha alichokuwa nacho mkononi, awe na kisu, awe na sufuria, akachomoka. Siku ya kwanza alikaa dakika arobaini stoo pamoja na gunia la mkaa, kwa sababu mzee aliamua kuota jua mbele ya mlango wa stoo. Siku ya pili mafua yalimshika mzee akakohoa mara kumi na nne, na Sekela akazunguka nyumba mpaka kizunguzungu.

Mchana Lusungu yuko kazini, binti yao Anjelina yuko shule ya chekechea, na mzee anahitaji mtu wa kuwa macho yake. Kazi ikamwangukia Bi Wahiba. Babu yake Bi Wahiba alifungua duka mjini enzi za Waingereza, na la Bi Wahiba lilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba. Ana sauti ya kumwita mteja aliye barabara ya pili, na harufu ya udi humtangulia kila aendako. Akasimama mlangoni mwa kitalu. Mzee yuko ndani anapapasa mabomba, Sekela yuko nje nyuma ya bati, hatua nne kutoka kwa mzee.

"Mwambie mwenye bustani," alisema mzee, "maji yake yana chumvi."

"Anasema maji yako yana chumvi," alisema Bi Wahiba.

"Nimesi..." Sekela aliuma ulimi. "Mwambie ni ya kisima."

"Anasema ni ya kisima."

"Mwambie kisima chake kimeziba matundu ya nozeli. Halafu amuulize huyo fundi, bomba lake linaishia wapi."

"Anasema..."

"Linaishia pale mwisho, kwenye kizibo," alidakia Sekela.

"Linaishia kwenye kizibo, mzee."

"Ndiyo maana. Za mwanzo zinashiba, za mwisho zinalala njaa. Bomba lizunguke lirudi lilikoanzia."

Bi Wahiba aliwatazama, mmoja huku na mwingine kule. Wote wawili walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

"Nyie Wanyakyusa mtaniua," alisema. "Mnasikizana kama redio na mie nimekaa katikati natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mteja wangu kasimama dukani na mia tano yake saa nzima."

Akaondoka. Mzee akabaki peke yake na nguzo ya katikati, akaanza kuiambia ile nguzo, kwa sauti ya kutosha, kwamba nozeli zilowekwe kwenye siki usiku kucha. Sekela aliandika kila neno kwenye kiganja. Lakini kalamu haiwezi kufungua nozeli ishirini na nne, na vidole vya mzee haviwezi kuziona. Japo alivifunika vyote kwa magunia ya maji, vijiti sitini vilikwisha kufa. Alivihesabu mara mbili, akitumaini hesabu ya pili itakuwa na huruma.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Wahiba alimwita Sekela uani kwake na kumpa furushi. Ndani yake mlikuwa na baibui jeusi na nikabu, vimetoka kufuliwa, anavyovaa akienda sokoni Kariakoo, kwa ajili ya vumbi kuliko kitu kingine.

"Vaa. Yeye haoni, wewe huonekani. Mwiko gani utakufuata humo?"

"Bi Wahiba, akijua?"

"Ajue kwa macho yapi? Mwambie mie ndo nimerudi. Sema kama mie, basi. Kelele."

Sekela aliogopa kwa dhati. Bibi yake aliwahi kumsimulia mwanamke aliyemtazama baba mkwe, akapata upele mwaka mzima. Lakini alifikiria fremu tatu tupu zimesimama juu ya asumini zake, akavaa. Akaingia kitalu nyumba na kupaza sauti kama anayefukuza kuku. "Haya mzee! Mie nimerudi! Tuendelee!"

Mzee aliinua uso. Akanusa hewa. "Karibu, Bi Wahiba," alisema. "Leo umewahi."

Walifanya kazi siku tatu. Sekela alipanda ngazi, akafungua nozeli, akaziloweka kwenye siki usiku kucha, akazizibua kwa sindano na kuzirudisha. Mzee alimkabidhi kila kiungio kwa kunyoosha mkono pembeni, bila kugeuka, mpaka bomba likazunguka na kurudi lilikoanzia. Walitenga pipa la maji ya bomba, yale ya mgao, kwa ajili ya ukungu tu, na kwenye mdomo wake wakafunga kipande cha soksi ya Lusungu kichuje takataka. Pampu ya magari ilirudishwa kwa shemeji. Wakaweka ndogo, ya nyumba. Ndani ya nikabu joto lilikuwa la tanuri, na jasho lilimtiririka Sekela mpaka viatuni.

Siku ya pili mzee alianza kuzungumza.

"Unajua, Bi Wahiba, huyu mkamwana wangu. Miaka sita nakula chakula cha mkono wake na simjui."

Sekela alishika ngazi vizuri. "Eh! Anapika vizuri?"

"Kande ya juzi ilikuwa na chumvi mno."

"Ilikuwa... labda chumvi ya siku hizi ni kali."

"Labda." Mzee alikuwa anazungusha mkanda wa kuzuia maji kwenye kiungio, taratibu. "Mwanangu alipomtaja nilikataa. Nilisema msichana wa vitabu, atatuona washamba. Nilisema maneno mengine pia, mbele ya ukoo. Sasa nimekaa hapa siku zote hizi nasikia anavyokimbia kila nikikohoa. Hakuna mtu amenipa heshima hiyo tangu nistaafu. Nilikosea, na sina pa kulisemea. Mwiko umenifunga mdomo."

Sekela alikuwa analia, na nikabu ikiloa hubandika puani, kwa hiyo alikuwa analia na kukosa hewa kwa pamoja. Miaka sita alidhani yule mzee hapendi hata kivuli chake.

"Nitamwambia," alisema hatimaye, akasahau kupiga kelele.

"Usimwambie," alisema mzee. "Nipe sindano."

Muda huo huo Bi Wahiba wa kweli alitokea mlangoni na chupa ya siki, akafungua kinywa, akamwona Bi Wahiba mwingine juu ya ngazi, akakifunga. Akaiweka siki chini na kuondoka kwa ncha za vidole. Hajawahi kunyamaza vile tangu azaliwe.

Siku ya nne waliwasha. Hapakuwa na tone. Kulisikika mlio mwembamba wa nozeli, halafu hewa ikabadilika rangi, ikawa nyeupe, na majani ya asumini yakaanza kung'aa bila kutikisika. Mzee alisimama katikati, shavu juu.

"Ukungu mzuri hauuoni," alisema. "Unausikia hapa." Akagusa shavu lake.

Lusungu aliporudi kazini alijipiga picha chini ya nozeli, nundu ameificha kwa kofia, akaituma kwenye kundi la ofisini na maneno: *Nimefunga mwenyewe.*

*

Mzee alipelekwa hospitali, akafunguliwa jicho moja, akalala siku nne kwa mpwa wake Kibamba. Jumamosi asubuhi, siku ya Kokushubila, Lusungu alimrudisha. Sekela hakujua. Alikuwa ndani ya kitalu, peke yake, akizunguka vitalu vyake. Majani yalikuwa ya kijani, lakini kijani kinaweza kudanganya. Kijiti kinaweza kukaa kizuri mwezi mzima kwa maji tu, bila mzizi hata mmoja. Kwa siku tatu alinyoosha mkono avute kimoja, na kwa siku tatu aliurudisha. Lusungu alikwisha kumwita Rogers aje kupima fremu, na Rogers, ambaye jana alikuwa fundi bomba, leo alikuwa fundi ujenzi. Alikuwa uani na kamba yake, anasubiri.

Sekela alisikia fimbo. Hakusikia kikohozi.

Aligeuka. Mlango wa kitalu ulikuwa mmoja tu, na mlangoni alisimama mzee, miwani myeusi usoni. Baibui na nikabu vilikuwa Kariakoo pamoja na mwenyewe. Khanga ilikuwa kwenye kamba ya nguo. Sekela alijibandika kwenye nailoni, uso ukutani, mikono kichwani.

"Wewe nguzo," alisema mzee. "Umenisikia nikikohoa?"

Nguzo haikujibu.

"Sikukohoa. Nilisahau kwa makusudi."

Alipapasa ukutani, akapata swichi, akabonyeza. Nozeli zikalia. Ukungu ulishuka kwenye vitalu, ukapanda tena, ukajaa mpaka paa halikuonekana, na mzee akavua miwani, kwa sababu sasa haikuwa na kazi, akaingia.

"Nimelipa laki tano kuondolewa ukungu," alisema, "na kitu cha kwanza ninachofanya ni kuwasha mwingine. Haya. Sasa mimi sikuoni na wewe hunioni. Vuta kijiti kimoja."

Sekela hakusogea.

"Vuta. Huyo bwana wa kamba yuko nje anachora mistari kwenye ardhi yako."

Alipapasa kwenye weupe, akashika kijiti cha kwanza kilichomjia mkononi, akafumba macho, akavuta. Kiligoma. Hakuamini. Akavuta tena kwa vidole viwili, na kikatoka kikiwa kimekumbatia mchanga, na chini yake zilining'inia nyuzi nyeupe, nyembamba, ndefu kuliko ukucha. Alikisogeza mbele, kwenye ukungu. Vidole vya mzee vikakipokea na kupapasa nyuzi zile moja moja. Jicho jipya hakuliamini bado.

"Vina mizizi," alisema Sekela, kwa sauti yake mwenyewe. Akaisikia ikitoka, akajiziba mdomo, lakini ilikuwa imekwisha kufika.

Mzee alivuta hewa puani. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nyusi.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Ni ya yule Bi Wahiba asiyenuka udi."

Sekela alicheka. Hakupanga kucheka, na hakuweza kuacha. Nje honi ya gari la Kokushubila ililia mara mbili, Lusungu akasikika akimwambia Rogers akunje kamba kwanza mgeni asije akajikwaa, na Bi Wahiba, ambaye ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda na mizigo yake ya Kariakoo, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kwa nini grinihausi inatoa moshi.

Mzee alirudisha kijiti kwenye mchanga, akakikandamiza kwa dole gumba kama alivyofanya kwa chai miaka thelathini na moja. Akavaa miwani yake na kugeukia mlango.

"Halafu ile kande," alisema, bila nguzo, bila mtu wa katikati. "Punguza chumvi."

"Ndiyo, baba," alisema Sekela.